Ubao mnene unaiua fimbo: nilichosema Jumamosi kuhusu joistiki za Kijapani

Kwa wale ambao hamkufika Jumamosi, haya ndo maneno yangu yote nilivyoyasema. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Picha nilizokuwa naonesha ukutani nimeziacha, na pale mliponikatiza kwa maswali nimeingiza majibu humo humo.

Walionizidi umri shikamooni. Wenzangu habari za mchana, na nyie wadogo zangu mliokaa chini huku mbele karibu na boksi, naomba msiliguse kwanza, mtaligusa mpaka mchoke baadaye, nawaahidi.

Ndugu zangu, nianze na swali. Nani hapa ameshacheza gemu kwenye banda la mtaani, pedi mkononi, unalipia mechi, nyuma yako kuna watu wanne wanasubiri zamu? Karibu wote. Haya, mikono ibaki juu kwa yule aliyeshashika fimbo yenyewe, yaani joistiki, ile ya mashine ya kutumbukiza sarafu, yenye kirungu juu, ukiisukuma inalia tiki. Imebaki mikono mitatu. Basi nimeshajua pa kuanzia.

Leo nataka kuwaambia jambo moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Watu wakitaka kujitengenezea paneli ya gemu nyumbani, yaani uso wa kuchezea unaobeba fimbo na vitufe, wanahangaika mwezi mzima na swali la ninunue fimbo gani. Wiki nne wanasoma, wanauliza, wanalinganisha bei, fimbo ikifika wanaifunga kwenye ubao kwa dakika ishirini. Dakika ishirini! Alafu wanashangaa mbona haina raha. Wapendwa, fimbo ni nusu tu ya fimbo. Nusu nyingine ni unavyoifunga.

Sasa fimbo hii ilizaliwa wapi? Maana huwezi kukifunga kitu vizuri kama hujui kilitengenezwa kikae wapi. Hii ilizaliwa Japani, kwenye yale majumba ya gemu ambapo unaingia, unakuta mashine zimepangwa safu kwa safu, unachomeka sarafu ya yeni 100 na unacheza UMEKAA. Naomba mlishike hilo neno, umekaa. Mashine ni fupi, kama ile Astro City ya Sega ya mwaka 1993, au Vewlix ya Taito iliyokuja baadaye, unavuta kigoda, paneli inakuja karibu na mapaja yako, mikono inalala juu yake. Na hiyo paneli ni bati la chuma jembamba. Fimbo inaning'inia chini ya bati, shafti, kile chuma kirefu kinachobeba kirungu, inatokeza juu kupitia tundu.

Marekani hali ilikuwa nyingine. Mashine zao ndefu, mchezaji anasimama, paneli ni ubao mnene, na fimbo ina mpini mrefu kama kirungu cha besiboli, springi yake ngumu. Ile ya Marekani ilitengenezwa ivutwe na mkono mzima mpaka bega. Ya Kijapani ilitengenezwa kwa ajili ya vidole na kifundo cha mkono, basi. Hakuna mbaya kati ya hizo mbili. Ila ukichukua ya Kijapani ukaivuta kama unang'oa muhogo, hutaipenda, na ukiifunga kwenye ubao uliokusudiwa ya Marekani, hutaipenda vilevile.

Tazameni mkono wangu. Kirungu hiki kina kipenyo cha milimita 35, ni kama ndimu ndogo. Wajapani wengi wanakishika kwa namna mbili. Ya kwanza unakifunika kwa juu, kiganja kinaangalia chini. Ya pili unageuza kiganja kiangalie juu, ndimu inakaa kiganjani na shafti inapita katikati ya vidole viwili vya mwisho. Hii ya pili wanaiita ya glasi ya mvinyo. Mnaona vidole vyangu vimepita wapi? Vimepita CHINI ya kirungu. Kwa hiyo lazima kuwe na nafasi chini ya kirungu. Ihifadhini hiyo kichwani, tutairudia.

Niwape kisa. Mwaka 2004, California, mashindano ya gemu za mapigano yanayoitwa Evo, gemu ni Street Fighter III ile ya 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani anacheza na Justin Wong wa Marekani. Daigo anamchezesha mpiganaji anayeitwa Ken, na uhai wa Ken umebaki kama uzi, yaani hata akikinga tu pigo maalumu anakufa, maana pigo maalumu likikingwa bado linakumega kidogo, na hicho kidogo ndicho alichobaki nacho. Wong analijua hilo, anamwachia mpiganaji wake Chun-Li ile mvua ya mateke, mateke 15 mfululizo. Sasa kwenye gemu hiyo kuna njia moja tu ya kutoumia kabisa, nayo ni kusukuma fimbo MBELE, kuelekea kwenye teke, wakati ule ule teke linafika. Ukiwahi umeumia, ukichelewa umeumia. Daigo akasukuma. Akasukuma tena. Akasukuma tena. Ukumbi mzima umesimama unapiga kelele, teke la mwisho akaruka akalipokea hewani, akashuka na kumaliza mechi.

Mimi nimeitazama video hiyo sijui mara ngapi, na kila nikiitazama siwazi macho ya Daigo, nawaza springi. Kwa sababu kila anaposukuma mbele, fimbo inatakiwa irudi katikati YENYEWE, itulie, ndipo asukume tena. Mbele, katikati, mbele, katikati. Fimbo isiporudi katikati kwa usafi, mchezo umekwisha. Hiyo ndo kazi ya fimbo jamani. Kurudi ni kazi nzito sawasawa na kwenda.

Tuje kwenye kuchagua. Hapa sitakaa sana, maana nimeshasema wiki nne zinatosha.

Majina makubwa ya Japani ni mawili, Sanwa na Seimitsu. Sanwa wana JLF-TP-8YT, hii hapa, ndiyo mtaikuta kila mahali. Ni laini, springi nyepesi, mwendo wake mrefu kidogo kabla swichi haijaita. Seimitsu wana LS-32-01, hii nyingine, imekaza zaidi, ukiigusa tu swichi inaita. Nani aje anisaidie? Njoo dada, fumba macho. Sukuma hii, haya sukuma na hii. Ipi imewahi kulia? Mmesikia, amesema ya pili. Ndiyo Seimitsu hiyo, na ndiyo maana watu wa gemu za ndege na mvua ya risasi wanaipenda, kule unasogea nukta moja kushoto, nukta moja kulia, ukizidisha umepigwa. Watu wa mapigano wengi wao wanakaa kwenye Sanwa kwa sababu mkono unazunguka bila kuchoka. Wakorea nao wana yao, badala ya springi wanatumia mpira, wachezaji wengi wa Tekken wanaitaka hiyo, ila leo naiacha pembeni.

Mtaniuliza, na zile za seti za bei chee? Zile zinazokuja kwenye mfuko na vitufe vyake na waya zake, fimbo imefanana na Sanwa kama pacha? Mimi nilianza na hiyo. Niliiagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, ikafika, nikafurahi. Mwezi wa pili ikaanza kulegea, ukiisukuma kona ya chini kulia mara inashika mara haishiki. Nikaifungua. Ile plastiki inayobeba shafti katikati, pale inapoyumbia, ilikuwa imelika, kuna unga mweupe umejaa ndani. Sisemi zote ziko hivyo, kama ni ya kujifunzia kutoboa na kuunga waya inafaa sana, tena anza nayo, uharibu ya bei rahisi. Ila paneli yako ya kudumu iwekee fimbo ya kudumu.

Kitu muhimu kuliko jina ni geti. Geti ndo hii plastiki ya chini kabisa, ina tundu, mkia wa fimbo unazunguka ndani yake, na umbo la hilo tundu ndilo linaloamua mkono wako unaishia wapi. Fimbo nyingi za Kijapani zinakuja na geti la mraba. Watu wakiliona mraba wanashtuka, wanasema mbona mkono unagonga kona, nataka duara au pembe nane. Nawaomba, subirini. Kona ya mraba ni rafiki yako. Kwenye Street Fighter unataka kuchutama huku unakinga, unapeleka fimbo kwenye kona ya nyuma chini na inakaa pale, huna haja ya kutafuta, kona inakushika yenyewe. Shida inakuja ukiukandamiza mkono kwenye kuta za geti kama unasugua sufuria. Usisugue, zungusha kwa wepesi, kona utazisikia tu. Jipe wiki tatu na mraba, ukishindwa kabisa, kwa Sanwa geti la pembe nane linauzwa peke yake na unalibadilisha bila hata bisibisi.

Kuna siku mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuja nyumbani nikamwashia Pac-Man. Ile ya Namco ya mwaka 1980. Anacheza, anakufa. Anacheza, anakufa. Akaniambia, mjomba, huyu haendi ninapomwambia. Nikamwambia wewe ndo hujui, kaza mkono. Akakaza, akafa. Nikakaa mwenyewe nikacheza na mimi nikafa pale pale kwenye kona, ndipo nikajua mtoto ana haki. Pac-Man ina njia nne tu, juu, chini, kushoto, kulia. Mashine yake ya asili ilikuwa na fimbo ya njia nne. Mimi nilikuwa nimempa fimbo ya njia nane, kwa hiyo akikunja kona mkono unapita kwenye pembe, swichi mbili zinaita kwa pamoja, gemu halijui lishike ipi. Nikageuza boksi, nikabana vimeno vya geti la Sanwa, nikalizungusha nyuzi 45, likawa kama almasi, pembe zote zikafungwa zikabaki njia nne. Dakika moja haikufika. Nikamwambia mjomba wako alikosea, kaa tena. Alicheza mpaka dada akaja kumchukua. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, andika kwenye karatasi gemu tano unazozipenda kwa dhati, uangalie zinataka njia ngapi. Donkey Kong nayo ni njia nne. Street Fighter II ni nane. Karatasi hiyo itakuchagulia fimbo.

Sasa, sasa, sasa. Tufike kwenye ubao. Tuko pamoja? Hapa ndo moyo wa maneno yangu.

Paneli yangu ya kwanza ya kueleweka niliitengeneza kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18. Nilichagua nene makusudi, nikasema iwe imara, isije ikatingishika. Nikatoboa tundu, nikaleta fimbo kwa chini, nikaifunga kwa skrubu nne, nikapindua boksi nione uzuri. Nikaona kirungu kimekaa karibu na ubao kama yai kwenye kiota. Nikajaribu kuingiza vidole chini yake ile namna ya glasi ya mvinyo, vinasugua mbao. Nikasukuma fimbo mbele, mkono ukagusa paneli. Fimbo ile ile! Kwenye mfuko ilikuwa tamu, kwenye ubao imekufa. Nani aliyeiua? Ubao.

Hesabu yake ni nyepesi. Shafti ina urefu wake na haiongezeki. Ilipimwa kwa bati jembamba. Kila milimita ya ubao unayoweka juu ya bamba la fimbo, kile kipande bapa cha kuifungia, umeikata shafti milimita moja. Ukiweka 18 umekata 18. Ukibandika na perspeksi, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, ya milimita 3 juu yake ili kulinda picha, ni 21. Watu wanaisahau sana perspeksi. Perspeksi nayo ni ubao!

Mimi napima kutoka uso wa juu kabisa wa paneli mpaka chini ya kirungu, na napenda nikute kama milimita 24. Ikipungua vidole vinabanwa, ikizidi sana fimbo inakuwa ndefu, mwendo wake kule juu unakuwa mpana na mkono unasafiri safari isiyo na sababu. Kuna virefusho vya shafti vinauzwa, vinasaidia, ila vinabadilisha uzito na mwendo wa fimbo, mimi huwa navitumia nikiwa sina njia nyingine.

Basi nikampelekea mzee mmoja seremala jirani yetu. Nikamwamkia, nikamwekea ule ubao mezani nikaanza kumweleza mambo ya Japani. Akaniachia nikamaliza. Alafu akachukua fimbo, akaiweka juu ya ubao, akaiweka chini ya ubao, akanitazama akasema, "Mwanangu, hiki kitu ni bawaba. Bawaba unaichimbia." Nikanyamaza. Ni kweli jamani, mlangoni nani anaweka bawaba juu juu? Unachukua patasi, unachimba kitanda cha bawaba, inalala humo, mlango unafunga. Miezi miwili nimesoma mambo ya mbele, na jibu liko kwenye kila mlango wa nyumba yangu.

Tukachimba. Nawaeleza polepole hapa maana hiki ndicho mlichokijia. Unageuza ubao, upande wa chini uwe juu. Unaliweka bamba la fimbo yako, hilo hilo ulilonalo mkononi na siyo vipimo ulivyosoma mahali, unalizungushia penseli. Mabamba yanatofautiana, Sanwa na Seimitsu hayalingani, na hata Sanwa wenyewe wana mabamba ya aina zaidi ya moja. Ndani ya hiyo alama unachimba kwa ruta, ile mashine ya seremala ya kuchimbia mbao. Usishuke mara moja, shuka milimita tatu, pita kote, shuka tatu nyingine, pita kote. Kama huna ruta patasi inafanya kazi ila andaa jioni nzima na chai. Unaendelea mpaka ubao uliobaki juu uwe mwembamba, mimi nilibakisha milimita 5 na perspeksi ya 3 juu, jumla 8. Alafu katikati ndo unatoboa tundu la shafti, milimita 24 linatosha fimbo kuyumba bila kugusa. Tundu likionekana kubwa usiogope, ile washa nyeusi ya plastiki inayokuja na fimbo inalifunika na inateleza pamoja na shafti.

Swali lililoulizwa hapa lilikuwa zuri sana, kwamba ubao wa milimita 5 utashika skrubu? Hautashika vizuri. Skrubu fupi kwenye MDF nyembamba unaikaza leo, mwezi ujao imechomoka na unga wake. Ndiyo maana mimi natumia boliti zinazotoka juu kwenda chini, vichwa bapa, navizamisha mpaka vilingane na uso wa ubao, kisha picha na perspeksi vinakuja juu yake na hakuna anayeviona. Chini unaweka washa na nati, unakaza. Hapo fimbo haiendi popote mpaka utake wewe. Kaza kwa kupishana, moja huku na ya kona inayoikabili kule, kama nati za tairi, bamba lisikae upande.

Njia nyingine, na kwa moyo wangu wote naiona bora kama una fundi wa chuma karibu, ni kuacha ubao kabisa pale juu. Unatengeneza boksi la mbao, lakini uso wa paneli unakuwa bati la chuma la milimita 1.6 au 2. Hapo umeirudisha fimbo nyumbani. Huchimbi kitu. Matundu yanatobolewa, kingo unazipiga tupa na msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, unapaka rangi mapema kabla kutu haijaingia. Sauti ya paneli ya bati nayo ni nyingine, inalia tofauti kabisa.

Kabla hujafunga kuna kazi moja ndogo inawatesa watu, kutoa kirungu. Lazima kitoke ili shafti ipite tundu. Watu wanashika kirungu wanazungusha, fimbo nzima inazunguka nayo, wanazungusha, inazunguka, mwisho wanachukua koleo wanaikwaruza shafti. Usifanye hivyo! Geuza fimbo utazame mkia wake. Mnaona? Mwisho wa shafti kuna mfereji mdogo. Bisibisi bapa inaingia pale. Shikilia bisibisi kwa mkono mmoja, mkono wa pili zungusha kirungu kinyume cha saa, kinatoka kama kifuniko cha chupa. Uzi wake ni wa M6, Sanwa na Seimitsu wote, kwa hiyo kirungu cha huyu kinaingia kwa yule.

Vitufe nitapita haraka. Tundu la vitufe vikubwa vya Kijapani ni milimita 30, vile vidogo vya kuanzia ni 24. Kuna vya kubofya vikajishika vyenyewe kwa vimeno, hivyo ni vya bati jembamba. Kwenye ubao nunua vile vya kukaza kwa pete kwa chini. Basi.

Waya. Fimbo ina pini tano, moja ni ya pamoja, hasi ya wote, nne ni za pande. Zinaenda kwenye enkoda, kile kibao kidogo cha saketi kinachozungumza na kompyuta kwa USB, kuna za bei ndogo zilizo tayari, na kuna watu wanatumia kibao kidogo cha Raspberry Pi Pico wakikiwekea programu ya bure ya GP2040-CE. Zote zinafaa. Ila nisikilizeni kwa makini kitu kimoja. Rafiki yangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka, ameunga kila kitu, akisukuma juu mtu anachutama, akisukuma kulia anaenda kushoto. Ananiambia fimbo ni mbovu anairudisha kwa muuzaji. Nikamuuliza, waya wa juu umeuunga swichi ipi? Akasema ya juu, sasa nyingine ipi? Hapo hapo nikajua. Ndugu zangu, fimbo ni kama upondo wa mvuvi. Ukisukuma kichwa cha upondo kwenda mbele, mkia majini unaenda nyuma. Shafti imeshikwa katikati, ukipeleka kirungu kulia, mkia chini unaenda kushoto na kubonyeza swichi ya KUSHOTO. Kwa hiyo swichi ya kushoto ndiyo kulia, swichi ya chini ndiyo juu. Alibadilisha waya nne, akalala. Na ukiifunga fimbo imegeuka robo duara kwa sababu nafasi ndani ya boksi haikutosha, siyo dhambi, pande zote zinahama pamoja, unazipanga upya kwenye enkoda.

Nafasi ndani ya boksi nayo muifikirie mapema. Chini ya paneli acha angalau sentimita 5, fimbo ina mwili na konekta ina mkia, na waya ukikunjwa sana unachomoka siku ya wageni.

La mwisho ni uzito. Boksi jepesi linakimbia mezani, unasukuma fimbo na boksi linaondoka nayo, mkono unaanza kulishikilia boksi badala ya kucheza. Mimi nilipigilia kipande cha chuma ndani na chini nikabandika mpira, vipande nilivyokata kwenye tyubu ya tairi ya baiskeli. Na pale kifundo cha mkono kinapolala, mbele ya fimbo, acha nafasi ya kutosha, msikae mkaweka fimbo ukingoni kabisa eti boksi liwe dogo na zuri. Kama ni ya watu wawili, kaeni kwanza wawili mbele ya ubao mtupu, mabega kwa mabega, mpime mnavyokaa. Yangu nimeacha sentimita 50 kati ya fimbo na fimbo, na bado mpwa wangu ananisukuma kwa bega.

Mdogo wangu pale nyuma ameuliza, yeye anatumia shoto, aiweke fimbo upande gani? Kwenye mashine za Japani fimbo iko mkono wa kushoto kwa wote, wa kulia na wa shoto, kwa hiyo wewe utaanza ukiwa na raha kuliko sisi. Ila boksi ni lako. Chora kwenye kadibodi, toboa kadibodi, chomeka fimbo, cheza wiki nzima juu ya kadibodi. Ukijisikia ndipo umpelekee seremala.

Haya, boksi hilo hapo. Nimelileta halijafungwa makusudi, fimbo moja iko kwenye ubao wa milimita 18 kama nilivyokosea mimi, ya pili imechimbiwa. Fimbo ni zile zile, kirungu ni kile kile. Shikeni hii kwanza, kisha hii. Bisibisi ziko kwenye bakuli, wadogo zangu sasa mnaweza kugusa.